Dondoo muhimu: Rangi kwa anayeanza kusanifu

Mwanafunzi anayeanza kusanifu mabango hukimbilia rangi nyingi, na kazi yake haisomeki. Mfano mzuri anao nyumbani: kanga, yenye pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake), mara nyingi hupendeza kwa rangi mbili au tatu tu.

1. Anza na penseli. Panga maneno na picha kabla ya kugusa rangi.
2. Chagua rangi tatu: moja itawale, ya pili isindikize, ya tatu ivute jicho.
3. Changanya rangi za maji kwa mkono. Buluu na njano hutoa kijani, ukizidisha nyekundu hugeuka kahawia.
4. Usiandike kwa njano juu ya nyeupe, herufi hupotea.
5. Geuza kazi iwe nyeusi na nyeupe. Maandishi yakififia, badilisha rangi.
6. Usitenganishe mambo kwa nyekundu na kijani pekee. Wapo wasiozitofautisha, hivyo ongeza alama au neno.
7. Weka kijivu kilekile juu ya nyeusi, kisha juu ya nyeupe, uone kinavyoonekana tofauti. Msanii na mwalimu Josef Albers alifundisha hivyo katika kitabu chake cha 1963.
8. Chapisha nakala moja ya majaribio. Simu huchanganya mwanga, mashine ya kuchapisha huchanganya wino, na buluu kali huweza kufifia karatasini.
9. Acha nafasi tupu pembezoni. Usijaze kila kona maua.

Kazi ikikamilika, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua tano, kisha muulize mwenzako amesoma nini kwanza.