Somo: Kumtembelea Mgonjwa wa Saratani

Someni Ayubu 2:11-13. Rafiki watatu walikaa chini pamoja na Ayubu siku saba bila kusema neno. Walipoanza kumhukumu ndipo walipomwumiza. Nasi tupandapo kilima cha Bugando kumwona mgonjwa wa saratani, mara nyingi twaanzia sura ya nne: kakosa nini, nani kamloga? Mama aliyevuka kwa meli kutoka Nansio na mtoto aliyevimba taya amekwisha jilaumu usiku kucha. Saratani hiyo ya Burkitt huwapata watoto wengi kandokando ya ziwa letu, nao huweza kupona wakitibiwa mapema. Tumwambie hivyo, kisha tunyamaze. Akilia, tusimkataze. Tumwulize pia nani anawapikia watoto aliowaacha nyumbani.