Kelele za Ndege: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Kiwanja Tabora

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji, ilipokaribia Tabora, ilikuwa na desturi ya kupiga ngoma na kufyatua bunduki ili wenyeji wajue wageni wamefika. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912, filimbi ya garimoshi ikawa ndiyo salamu. Leo wageni wengine huingia kwa mngurumo wa injini angani, na kelele hiyo, tofauti na zile za kale, inasimamiwa kwa kanuni. Twaomba msomaji azifahamu, hasa yule anayetafuta mahali pa kujenga pembezoni mwa mji.

Kanuni za kwanza zinaihusu ndege yenyewe. Kwa kufuata Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, Shirika la Usafiri wa Anga Duniani, ICAO, lilipitisha mwaka 1971 Kiambatisho cha 16, kinachoweka ukomo wa kelele, na ukomo huo umekazwa mara kadhaa tangu hapo. Ndege kubwa ya abiria hupimwa kelele zake mahali patatu: mita 450 ubavuni mwa mstari wa kati wa barabara ya kurukia, mita 2,000 kabla ya mwanzo wa barabara hiyo ndege inapokuja kutua, na mita 6,500 kutoka pale inapoanza kukimbia ili iruke. Tanzania ni mwanachama wa ICAO, na msimamizi wa usafiri wa anga hapa nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kwa hiyo ndege ya mapangaboi kama Bombardier Q400, ambayo Kampuni ya Ndege Tanzania huitumia katika viwanja vya mikoani, ilikwisha kupimwa zamani kabla ya kuonekana katika anga la Unyanyembe.

Hata hivyo, wengi hudhani kwamba cheti hicho kinamlinda mkazi. Cheti hueleza kelele za ndege moja tu. Hakielezi ni ndege ngapi zitapita juu ya paa la mtu, wala ni saa ngapi za usiku. Ndiyo maana mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa ICAO ulikubali kwamba mambo manne yaangaliwe kwa pamoja: kupunguza kelele katika injini na umbo la ndege, kupanga matumizi ya ardhi, kubadili namna ya kuruka na kutua, na kuwekea ndege vizuizi vya safari. Hilo la mwisho ni la miji kama London, ambako safari za usiku huwekewa mipaka. Kwa maoni yetu, Tabora yenye safari chache na ardhi ambayo bado haijajaa inahitaji zaidi lile la pili.

Madhara si ya kufikirika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa Ulaya, lilishauri kelele za ndege zisizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima na 40 wakati wa usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto wa shule nchini Uingereza, Uholanzi na Hispania ulionyesha kwamba kadiri kelele za ndege shuleni zilivyozidi, ndivyo uwezo wa mtoto kuelewa anachosoma ulivyopungua. Tabora haijafikia msongamano huo, lakini nyumba hudumu miaka mingi, na viwanja vya ndege hupanuliwa. Wakazi wa Kipawa, Dar es Salaam, walithaminiwa mali zao mwaka 1997 kwa ajili ya upanuzi wa uwanja, na malipo yakachelewa zaidi ya miaka kumi, ingawa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe mapema.

Basi usitosheke na neno la dalali. Nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa, uombe kuona kiwanja chako kwenye ramani ya mipango miji. Uliza kama kimeangukia kwenye mstari unaoendelea kutoka ncha za barabara ya kurukia, kwa kuwa huko ndiko ndege hupita chini. Mita zile 2,000 na 6,500 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Uliza pia kama eneo limetengwa kwa upanuzi, na kama urefu wa jengo lako utahitaji kibali cha TCAA. Kisha fika kiwanjani saa ndege inapotua, ukae kimya usikilize.

Aliyekwisha kujenga na kusumbuliwa aandike tarehe, saa, na kama ndege ilikuwa ikitua au ikiruka, ampelekee meneja wa kiwanja cha ndege barua na kubaki na nakala. Asipojibiwa, aiandikie TCAA. Mradi wa upanuzi ukitangazwa, tathmini ya athari kwa mazingira hufanyika chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Ombeni siku hiyo mwonyeshwe ramani ya kelele zinazotarajiwa, pamoja na shule na zahanati zilizomo ndani yake, na majibu mtakayopewa yaandikwe katika muhtasari wa mkutano.