Dondoo muhimu: Begi la kasi nyumbani

Anayeanza hulitandika begi la kasi, lile dogo la mazoezi ya ndondi linaloning'inia chini ya ubao, kwa nguvu zote, nalo humrudia usoni. Apunguze nguvu, atafute mdundo.

Kwanza ubao. Ufungwe kwa boliti kwenye ukuta wa tofali au boriti imara, maana ukitikisika begi hupoteza mwendo, na majirani uvumilivu. Sehemu nene ya begi iwe usawa wa mdomo au kidevu. Wengi hulining'iniza juu mno, mabega yakachoka mapema.

Kisha masikio. Kila ngumi huleta milio mitatu: begi hugonga ubao upande wa mbali, likarudi kugonga upande wa mpigaji, likaenda tena mbali. Linaporudi baada ya mlio wa tatu, ndipo lipigwe. Ngumi izunguke kiduara kidogo mbele ya uso, viwiko vikiwa juu. Mkono mmoja upige mara mbili kabla ya kuupisha mwingine.

Bondia Sugar Ray Robinson alisifika kwa kulichezea begi hili, lakini mwanafunzi aanze na begi la kasi la saizi kubwa, kwa sababu huenda polepole. Bandeji za mikono zisisahaulike. Raundi 3 za dakika 3, na pumziko la dakika 1 kati yake, zinamtosha kwa siku.