Ganda la mwani latumiwa kunusa gesi

Karibu na Gilgil, mahali paitwapo Kariandusi, kuna machimbo ya udongo mweupe, mwepesi kama unga. Wengi hudhani ni chokaa. La, hayo ni magamba ya diatomu, mwani wa seli moja usioonekana kwa macho matupu, ulioishi katika ziwa la kale.

Diatomu hujijengea ganda la silika, kitu kile kile kinachotumiwa kutengeneza kioo. Litazame kwa darubini nawe utaona vitundu vilivyopangika kuliko vya chujio la chai. Umbo hilo ndilo linalotafutwa na watengenezaji wa vifaa vya kutambua kemikali, kwa kuwa gesi hupata mahali pengi pa kugusa. Tatizo ni kwamba silika haipitishi umeme.

Mwaka wa 2007 Profesa Kenneth Sandhage na wenzake wa Georgia Tech, Marekani, walieleza walivyolitatua. Waliyapasha magamba joto la nyuzi 650 penye mvuke wa madini ya magnesiamu. Magnesiamu ina uchu wa oksijeni: huinyakua kutoka kwa silika na kuacha silikoni. Taka zikaoshwa kwa asidi, na umbo la ganda likabaki vile vile. Gramu moja ya silikoni hiyo ina eneo la zaidi ya mita mraba 500! Ilipounganishwa na umeme, iliitambua upesi gesi ya naitriki oksaidi, hata ikiwa sehemu 1 tu katika milioni.

Wengine huyapaka magamba dhahabu au fedha, kisha huyamulika kwa leza ili kemikali iliyonaswa humo ijulikane kwa mwanga inaourudisha.

Gesi hiyo yakuhusu nini? Mara nyingi mtu mwenye pumu, njia zake za hewa zikiwa zimevimba, huitoa kwa wingi katika pumzi. Kwa mtu mzima, madaktari hukihesabu kiwango cha zaidi ya sehemu 50 katika bilioni kuwa cha juu. Sasa piga hesabu: sehemu 1 katika milioni ni 1,000 katika bilioni, yaani mara 20 ya hicho. Kwa hiyo usiweke kando inhela yako kwa kungojea ganda la mwani. Isitoshe, pumzi imejaa unyevu, na kifaa cha hospitali sharti kisichanganye mvuke wa maji na gesi.