Je, Kuvumilia Joto na Moshi ni Subira?



Yako madhara mawili ambayo sisi watu wa pwani tumeyazoea hata hatuyahesabu tena kuwa madhara: joto kali na moshi. Mwenye kuyavumilia husifiwa kwamba ana subira. Katika somo hili tutazame kwanza mambo hayo yanautendea nini mwili, kisha tuulize kama kuyavumilia ni subira kweli, au ni kuipuuza amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu.

1. Joto

Mwili wa mwanadamu umeumbwa uwe na joto la ndani la karibu digrii 37. Joto la nje likizidi, moyo huenda mbio ili kuipeleka damu karibu na ngozi, nayo ngozi hutoa jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Hapo ndipo ilipo taabu ya watu wa visiwani. Wakati wa kaskazi hewa ya Pemba hujaa unyevu wa bahari, jasho likatiririka bila ya kukauka upesi. Kwa hiyo joto la digrii 33 Pemba humlemea mtu kuliko joto lilo hilo mahali pakavu kama Dodoma.

Mvuvi, mkulima wa mwani au mchukuzi wa bandarini akiendelea na kazi nzito juani bila ya kunywa maji, mwili hupungukiwa maji na chumvi. Kichwa huuma, macho huona kizunguzungu, misuli hukaza, na mafigo hudhurika. Joto la ndani likipita digrii 40, mtu akaanza kusema ovyo au kupotewa na fahamu, hayo si machovu tena. Ni hatari ya mauti. Apelekwe kivulini upesi, apunguziwe nguo, amwagiwe maji ya baridi na kupepewa huku akipelekwa hospitali. Aliyepotewa na fahamu asinyweshwe kitu, maana maji yaweza kuingia mapafuni.

Tusidhani ni maneno ya vitabuni tu. Machi 2024 Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika digrii 45. Juni mwaka huo huo, katika Hija, joto la Makka lilipita digrii 50, na Serikali ya Saudia ikatangaza kuwa mahujaji 1,301 wamefariki. Zaidi ya wanne katika kila watano kati yao hawakuwa na kibali, na wengi walikwenda mwendo mrefu juani bila ya kivuli wala mahali pa kupumzika.

2. Moshi

Sasa tutazame Makoongwe, kisiwa kidogo kinachoelekeana na bandari ya Mkoani. Mgeni ashukapo pale hupokewa na upepo wa bahari. Haoni viwanda vikubwa wala misururu ya magari, na anaweza kuapa kwamba hapa hewa ni safi. Lakini hewa imdhuruyo mtu ni ile ya mahali anaposhinda. Mama apikaye kwa kuni na makumbi ya nazi juu ya mafiga, ndani ya jiko lisilo na tundu la kutolea moshi, huvuta hewa iwezayo kuwa chafu kuliko ya barabara kubwa za Dar es Salaam. Na mara nyingi mtoto mchanga yupo mgongoni mwake.

Katika moshi huo mna chembe ndogo mno. Unywele mmoja ni mnene kuzipita mara 20 na zaidi. Pua haiwezi kuzizuia. Huingia hata kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine hupenya katika damu. Matokeo yake ni nimonia kwa watoto, kikohozi kisichokoma, saratani ya mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi, na hata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Mkaa nao, ingawa moshi wake hauonekani sana, una sumu yake. Katika nchi za baridi kama Njombe mtu huingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto usiku. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hunyakua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu hulala asiamke.

3. Mafundisho ya Mtukufu Mtume

Je, dini imetutaka tuyavumilie haya? Mtu mmoja aitwaye Abu Israil aliweka nadhiri kwamba atafunga, asimame juani, asikae, asitafute kivuli wala asiseme na mtu. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipopata habari zake aliagiza aseme, akae, aingie kivulini, na aitimize saumu yake. Tazama, ndugu msomaji, jinsi ibada ilivyotengwa na mateso: saumu ilibakia, jua likaondolewa.

Vile vile aliagiza kwamba joto likiwa kali, sala ya Adhuhuri icheleweshwe mpaka lipungue. Naye Amr bin al-As (r.a.), alipopatwa na janaba usiku wa baridi kali akiwa safarini, alihofia kuangamia kwa kuoga. Akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Mtukufu Mtume alipoelezwa alicheka, wala hakumlaumu.

Basi subira ni kusimama imara katika lile lisiloepukika na katika kutimiza wajibu. Kumwacha mama na mtoto katika moshi unaoweza kuondolewa si subira, bali ni uzembe, na zaidi ni uzembe wa mwanamume asiyeingia jikoni. Wala tusiseme ni kudra tu. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London siku tano na kuua maelfu ya watu. Mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi, na moshi ule ukapungua. Sababu ikiondolewa, madhara nayo huondoka.

4. Tufanye nini?

(a) Kazi nzito ifanywe alfajiri na jioni. Saa za adhuhuri ziwe za kivuli.

(b) Maji yanywewe kabla ya kiu kuzidi. Wazee, wajawazito na wagonjwa waangaliwe, na aliyepewa ruhusa ya kutofunga asione haya kuitumia.

(c) Jiko liwe na madirisha mawili yanayoelekeana, au lipikiwe nje penye upepo. Kuni ziwe kavu, na mtoto akae mbali na moto.

(d) Jiko la mkaa lisilale chumbani hata usiku mmoja.

(e) Awezaye ahamie gesi au umeme. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini baba wa nyumba asingoje mwaka huo ndipo atoboe dirisha.

Mwenyezi Mungu atujalie kuitunza amana yake katika miili yetu na ya wale walio chini ya ulinzi wetu. Amin.