MASHIMO YA CHINI YA MACHO: SOMO LA KUPAMBANUA TIBA IFAAYO NA ISIYOFAA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Jua, ewe ndugu yangu msomaji, ya kuwa yako mambo ambayo watu wa makamo huyauliza kwa sauti ya chini, na moja katika hayo ni bonde linaloingia chini ya jicho. Mtu amelala usingizi wake kamili, ameamka hana homa wala maumivu, naye kila akutanaye naye msikitini au barazani humwambia, "Pole, waonekana umechoka." Akitazama kioo haoni maradhi, aona kivuli. Kisha husikia ya kuwa mijini wako watu wenye sindano ya kuliondoa bonde hilo kwa nusu saa, moyo wake ukatamani, na mkono wake ukaingia mfukoni.

Basi tumeona yapasa kuandika somo hili, ili atakaye kutengeneza uso wake, au atakayeombwa ruhusa na gharama na mke wake, ajue anachokinunua kabla hajakinunua. Kwani mahali penyewe ni jirani ya jicho, na jicho likipotea halina badala.

FASLU YA KWANZA: Sababu za bonde hili

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kupita ngozi zote za mwili. Unene wake ni kadiri ya nusu milimita. Chini ya kope la chini, kuanzia pembe ya jicho iliyo karibu na pua na kuteremka mshazari kuelekea shavuni, pana kano iliyoishika ngozi kwenye mfupa. Mtu akiwa kijana, mafuta ya shavu hupanda yakaifunika kano hiyo, na uso ukawa sawa. Umri ukienda, mafuta ya shavu hupungua na kushuka, na mfupa wenyewe hurudi nyuma kidogo kidogo. Hapo kano hubaki imeivuta ngozi, na bonde likadhihiri.

Wako wengine ambao bonde hilo ni urithi, wanalo tangu ujana wao, kama baba zao walivyokuwa nalo. Wako waliokonda kwa ghafula. Wako wavutao sigara, na wenye kutembea juani miaka mingi bila ya kivuli, ngozi ikachakaa kabla ya wakati wake.

Na hapa pana jambo la kuangaliwa mbele ya yote. Macho yaliyoingia ndani huenda yakawa ni dalili ya ugonjwa. Mtoto mwenye kuharisha ambaye macho yake yamezama amepungukiwa na maji, naye apelekwe kwa tabibu siku ile ile. Mtu mzima anayekonda bila ya sababu, au aliyepauka na kuishiwa na nguvu, apimwe damu yake kwanza. Na mwenye kuamka asubuhi kope zimevimba, na miguu pia, apimwe figo. Uso ni shahidi wa mwili. Si busara kumziba shahidi mdomo kabla hujausikia ushahidi wake.

FASLU YA PILI: Kupambanua kivuli, rangi na uvimbe

Watu huyaita yote haya "weusi wa macho", na hali ni mambo mbalimbali, na kila moja lina dawa yake. Shika kioo, ukae karibu na dirisha, ufanye hivi.

Inua uso wako kuelekea kwenye mwanga. Ikiwa weusi umepungua sana au umeondoka, basi ulikuwa ni kivuli cha bonde. Kama umebaki vile vile, vuta ngozi taratibu kwa kidole. Rangi isiyobadilika ni rangi ya ngozi yenyewe, nayo ni nyingi kwa watu wa rangi yetu, na huzidi kwa yule afikichaye macho kwa mwasho na vumbi. Na ikiwa ni samawati au zambarau, na ngozi ikivutwa huzidi kuonekana, basi ni mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi nyembamba. Mwisho, tazama kama pana kifuko kilichotuna juu ya bonde. Hicho ni mafuta ya ndani ya tundu la jicho yaliyosukumwa mbele.

Faida ya kupambanua ni kubwa. Mwenye rangi akijazwa kwa sindano, rangi yake haiondoki. Mwenye bonde akipaka krimu mwaka mzima, bonde halijai. Na mwenye vifuko akijazwa, huenda akazidi kuonekana amevimba. Wengi waliopoteza mali zao katika jambo hili walikosa hapa, mwanzoni kabisa.

FASLU YA TATU: Vipakwavyo

Usingizi, maji, kuacha sigara, kuacha kufikicha macho, na kujikinga na jua, haya hayana gharama wala khatari, nayo ndiyo ya kuanza. Hayajazi bonde lililofanywa na mfupa, lakini hupunguza uvimbe na weusi.

Ama krimu, zenye vitamini A ya kupakwa huenda zikaipa ngozi unene kidogo baada ya miezi, nazo huwasha, basi zitumiwe kwa shauri la daktari. Lakini jihadhari, tena jihadhari, na krimu na sabuni za kung'arisha zisizotaja vilivyomo. Nyingine zina zebaki, nayo hupenya ngozini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013, waliyoafikiana mataifa mengi, yameziweka bidhaa hizo katika zile za kukomeshwa. Kukuta kitu dukani si dalili ya kuwa ni halali wala salama.

Na wanja nao una neno. Kupaka ithmidi ni katika mambo yaliyopokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, wala hatumkatazi mtu sunna. Lakini wanja mwingi uuzwao leo kwa jina hilo umesagwa kwa jiwe lenye risasi, na risasi ni sumu, na kwa watoto wadogo ni mbaya zaidi, kwani hudhuru akili zao. Atakaye wanja na atafute ule uliopimwa na kujulikana hauna risasi.

FASLU YA NNE: Sindano ya kujaza

Kitu kinachotumiwa sana leo kujazia bonde huitwa asidi ya hayaluroni. Waliokigundua ni Karl Meyer na John Palmer, huko New York, mwaka 1934, walipokitoa katika ute wa jicho la ng'ombe. Nacho kimo katika miili yetu, katika ngozi na viungo na macho, na tabia yake ni kushika maji. Hapo zamani kilitolewa katika kishungi cha jogoo. Leo kilicho kingi hutengenezwa kwa kufuga vijidudu viwandani.

Huko Marekani, idara ya serikali isimamiayo dawa ilikubali dawa ya namna hii iitwayo Juvéderm Volbella XC kwa mashimo ya chini ya macho mwaka 2022, na Restylane Eyelight mwaka 2023. Ruhusa hiyo ni kwa watu wazima walio juu ya miaka 21. Kazi yake haidumu milele. Hukadiriwa kama mwaka mmoja, na kwa wengine huzidi. Basi mwenye kuanza ajue ya kuwa anaingia katika gharama yenye kurudi.

Sifa yake njema ni kuwa ikiharibika huweza kuyeyushwa kwa dawa nyingine iitwayo hayaluronidasi. Madhara yake madogo ni wekundu na uvimbe wa siku kadhaa. Ya kati ni vinundu, na rangi ya samawati inayoonekana ikiwa dawa imewekwa juu juu, na uvimbe usioondoka, kwa sababu dawa hiyo huvuta maji.

Ama dhara kubwa ni hili. Mishipa ya damu ya uso imeungana na mishipa inayolisha jicho. Sindano ikiingia mshipani na dawa ikasukumwa kwa nguvu, huenda ikarudi nyuma hata ikauziba mshipa wa jicho, na mtu akapofuka kwa dakika chache. Mwaka 2015 madaktari walikusanya visa 98 vilivyoandikwa duniani vya watu walioharibika uoni kwa vijazo vya usoni, na mwaka 2019 wakaongeza vingine 48. Vingi vilitokana na sindano za baina ya nyusi na za puani, na katika vile vya kwanza karibu nusu vilitokana na mafuta ya mwili. Ukivilinganisha na wingi wa wachomwao, ni vichache. Lakini aliyepatwa hapunguziwi msiba wake kwa uchache wa wenziwe. Na wengi katika hao hawakurudishiwa kuona.

Kwa hiyo haifai kabisa kuchomwa saluni, wala nyumbani kwa mtu, wala kwa dawa iliyoagizwa kwa njia ya simu. Na vile vyombo visivyo na sindano, visukumavyo dawa kwa shindo la hewa, idara ile ya Marekani ilivitahadharisha watu mwezi wa Oktoba 2021.

FASLU YA TANO: Mafuta ya mwili na upasuaji

Kuchukua mafuta ya mwili wa mtu na kuyatia usoni si jambo jipya. Gustav Neuber, tabibu wa Kijerumani, alilifanya mwaka 1893. Mafuta hayo yakishika hudumu miaka, na hayana shaka ya asili yake, kwani ni ya mtu mwenyewe. Lakini sehemu yake hufa isishike, na yakifanya nundu hakuna dawa ya kuyayeyusha kama ile tuliyoitaja.

Mwenye vifuko pamoja na bonde, dawa yake aghalabu ni upasuaji wa kope la chini, ambao mafuta yaliyotuna huteremshwa yakajaza bonde. Hufanywa mara moja, na matokeo yake hudumu. Khatari zake ni kope kuvutwa chini, macho kukauka, na, kwa nadra, damu kuvuja nyuma ya jicho na kulikaba.

Na kisa cha zamani kitufunze. Mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna alianza kuchoma mafuta mazito ya vaselini mwilini ili kujaza palipopungua. Watu wakafurahi, wakaiga. Kisha yale mafuta yakahama mahali pake, yakafanya uvimbe mgumu na vidonda, na nyuso zikaharibika. Furaha ya wiki ya kwanza si ushahidi wa usalama wa mwaka wa kumi.

FASLU YA SITA: Hukumu yake

Suala: Je, kutengeneza bonde hili kwaingia katika kubadili maumbile yaliyokatazwa?

Jawabu: Yamepokewa makatazo ya kuchanja chale na kuchonga meno kwa ajili ya uzuri. Tena imepokewa ya kuwa Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akatia pua ya fedha, ikanuka. Mtume akamwamrisha atie ya dhahabu. Wanavyuoni wamefahamu katika hayo tafauti ya kuondoa ila na kutafuta uzuri wa kuzidi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kutengeneza ila za kuzaliwa nazo na zilizoletwa na maradhi au ajali, na likakataza kuondoa makunyanzi kwa kisu au kwa sindano isipokuwa ikiwa ni hali ya ugonjwa, kwa sharti ya kusalimika na madhara.

Basi aliyekula mfupa wa uso kwa ajali, au kijana aliyezaliwa na bonde hata watu humdhania mgonjwa, si sawa na mzee wa miaka sitini atakaye kuurudisha ujana. Kila mmoja ampelekee hali yake mwanachuoni amwaminiye, pamoja na maneno ya daktari.

Suala: Na mali je?

Jawabu: Nafaka ya mke na watoto, na deni la watu, hutangulia. Na ukiambiwa ulipe kidogo kidogo kwa ziada, hiyo ziada ni riba, japokuwa imepewa jina zuri.

FASLU YA SABA: Ya kuuliza kabla ya kukubali

Muulize atakayekuchoma: Wewe ni daktari uliyeandikishwa, na umefunzwa kazi ya mahali hapa? Shida yangu ni bonde, rangi, au kifuko? Dawa hii jina lake nani, na asili yake nini? Ile dawa ya kuyeyusha unayo hapa hapa, nayo imetolewa kwa mnyama gani? Nikianza kutoona, utafanya nini, na hospitali ya macho iko mbali gani? Mweleze pia dawa unazokunywa, khasa za kuzuia damu isigande.

Akijibu kwa upole na kwa ukamilifu, huyo ni mtu wa kazi. Akikasirika, au akikuharakisha kwa kuwa bei itapanda kesho, shika njia yako. Na baada ya kuchomwa, ukiona ngozi imekuwa nyeupe au imepata madoa ya zambarau, au maumivu makali, au kiwi machoni, usingoje asubuhi. Rudi saa ile ile.

Na nyinyi mlio barazani, mchungeni ndugu yenu. Mwulizeni hali yake kwa kuwa mwampenda, wala msimtajie uso wake kila siku hata akauchukia. Huenda maneno yetu ndiyo yaliyomtuma kwenye sindano asiyoihitaji.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu, na atupe kuyatazamia ya kheri. Wallahu a'lam.