Kutoka Zombe hadi Mombasa: Umbali na Saa za Safari

Mtu akiweka rula juu ya ramani ya Kenya, toka Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, hadi Mombasa, ataona umbali wa kilometa zipatazo 330 tu. Eropleni iendayo kilometa 500 kwa saa ingeumaliza kwa dakika 40. Basi kijana wa Zombe aliyeitwa Mombasa kwa ajili ya kazi, naye atakiwa kufika saa mbili asubuhi, aweza kudhani kwamba akiondoka saa sita ya usiku atawahi. Hatawahi.

Mstari wa rula hupita katika pori la kusini ya Kitui na Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948 kwa ajili ya wanyama, kisha huvuka mto Galana. Mabasi hayapiti huko. Msafiri hana budi kwenda kwanza Kitui, karibu kilometa 40, ndipo ashike njia ya Mutomo na Ikutha, avuke mto Athi, na kutokea Kibwezi katika barabara kuu ya Mombasa. Kutoka Kitui hadi Kibwezi ni kama kilometa 150. Njia hiyo ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na sasa imetiwa lami. Kutoka Kibwezi hadi Mombasa ni kama kilometa 285. Jumla ni 475.

Hesabu ya saa ni nyepesi: umbali hugawanywa kwa mwendo wa gari. Hadi Kitui, kwa mwendo wa kilometa 40, ni saa moja. Kilometa 435 zilizobaki, kwa mwendo wa 60, ni saa saba na robo. Hizo ni saa nane na robo, bila kungoja gari Kitui wala Kibwezi. Na asiyewahi kungoja gari lijae abiria hajasafiri bado.

Je, eropleni? Kwanza msafiri aipe Mombasa kisogo, aende magharibi hadi uwanja wa Nairobi: saa moja hadi Kitui, na kama saa tatu na nusu kupitia Wamunyu na Machakos. Atakiwa kuwako saa mbili kabla ya kuruka. Angani ni kama saa moja, na kutoka uwanja wa Mombasa hadi kisiwani aweke saa moja nyingine. Jumla ni saa nane na nusu. Nauli ni kubwa zaidi, na hakupata hata dakika moja.

Basi kijana huyo aondoke saa moja asubuhi siku iliyotangulia. Akipoteza saa mbili kwa kungoja, atafika baada ya saa kumi na moja jioni, naye atalala Mombasa. Wakati wa mvua za Novemba, mito ya mchanga ya Kitui hujaa ghafula, na magari husimama ukingoni hata maji yapungue. Hapo aliyeitwa Jumatatu huondoka Jumamosi.